Uzi wa poka kwa wanaoanza: sheria utazijua usiku mmoja, adabu ya meza ndiyo itakayokula hela yako

MchangaKarata

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita jamaa yangu ameliwa laki moja akiwa ameshika wafalme wawili, na hakuna aliyemwibia. Hiyo ndiyo imenifanya nifungue huu uzi.

Tulikuwa saba mezani, kwangu Tabata. Jamaa alikuwa mgeni, amejifunza kwenye simu. Akafunua karata zake kidogo: mfalme wa kopa na mfalme wa shupaza. Uso ulimbadilika mpaka kijana aliyekuwa anachoma mishikaki uani akajua kuna jambo. Dau la kuingilia lilikuwa 1,000. Yeye akachukua chipu moja (kidude kinachosimama badala ya hela) ya 5,000, akairusha katikati, kimya. Kichwani mwake amepandisha dau mpaka 5,000. Mgawaji akamrudishia chenji ya 4,000 na kusema, "Amefuata."

Jamaa akaruka: "Nimepandisha bwana!" Hapana. Chipu moja kubwa bila neno lolote ni kufuata dau lililopo, si kupandisha. Ndivyo ilivyo kasino, na kwangu pia. Kwa hiyo watu watano wakaingia kwa bei ya kutupa, mmoja wao akiwa na 7 na 4, magarasa ambayo angeyatupa bila kuwaza kama angedaiwa 5,000. Karata tatu za mezani zikafunguliwa: 7 ya uru, 4 ya pau, malkia wa shupaza. Mwenye magarasa sasa ana jozi mbili, na mwenye wafalme hajui. Akaweka zote. Zikaenda.

Angetamka neno moja tu, "napandisha", kabla ya mkono kusogea, usiku wake ungekuwa mwingine. Nimegawa karata kwenye kasino moja hapa Dar kwa miaka minne, na wageni wengi niliowaona wakiliwa walikuwa wanajua kabisa kipi kinashinda kipi. Kilichowamaliza ni mkono kutangulia mdomo.

Kwa asiyejua kabisa, mchezo wenyewe ni huu. Nazungumzia hold'em, wanayocheza karibu kila mahali siku hizi. Ilitoka Texas, na mwaka 2007 bunge la jimbo hilo liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ilikozaliwa. Dunia nzima iliingia wazimu mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipopata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni la dola 86, kisha akachukua ubingwa kule Las Vegas na dola milioni 2.5. Jina lake hilo ni la kweli, si la kubuni.

Karata ni 52, jokeri zinakaa pembeni. Kila mtu anapewa mbili za siri. Kisha mezani zinafunguliwa tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Jumla tano za wote. Kwenye saba unazoziona unachagua tano bora. Madau ni mizunguko minne: kabla ya zile tatu, baada yake, baada ya ya nne, baada ya ya tano. Zamu yako ikifika unatupa, unafuata dau, au unapandisha. Kama hakuna dau mbele yako unaweza kucheki, yaani kupita bure.

Kuna kidude cha duara kinaitwa batani, kinazunguka kila mgao kufuata mshale wa saa. Aliye kushoto kwake anaweka blaindi ndogo, anayefuata anaweka blaindi kubwa, yote kabla ya kuona karata. Bila hayo madau ya lazima watu wangekaa kusubiri maree mawili (karata za A) mpaka alfajiri, na maree mawili yanakuja wastani mara moja katika migao 221.

Ngazi kutoka chini: karata kubwa tupu, jozi, jozi mbili, tatu za namna moja, mfululizo wa tano, flashi (tano za alama moja), fulu hausi (tatu na jozi), nne za namna moja, mfululizo wa alama moja, na juu kabisa mfululizo wa alama moja kutoka 10 mpaka ree.

Waliokulia kwenye karata zetu za arobastini na wahedusitini, sahauni mambo matatu. Poka haina turufu. Shupaza na kopa zina heshima ileile. Na 7 haimpigi mfalme, hapa ni 7 tu. La tatu ndilo zito: kijiweni kwetu ukicheza wawili wawili unamkonyeza mwenzako, na huo ni ufundi. Poka kila mtu na lwake. Ukimkonyeza mtu mezani unaitwa mwizi, na kasino utasindikizwa mlangoni.

Adabu naileta kwenye ujumbe unaofuata, ngoja nile kwanza.

Mtoto wa Kisauni

Niaje wakuu, mimi niko Nairobi siku hizi. Huku ukisema poka vijana wengi wanajua ile yetu ya chuoni: 2 inakulisha karata mbili, 3 inakulisha tatu, J inaruka mtu, K inageuza mchezo, na ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi". Wenzangu wa kazini wakanialika kwa nyumba ya mmoja wao tucheze poka. Nikaenda na kiburi chote. Mgao wa kwanza nikapewa karata mbili tu, nikashangaa, nikajitangazia "niko kadi". Walicheka mpaka bibi ya mwenye nyumba akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini.

Swali langu: kwa nini flashi inashinda mfululizo? Kupata namba tano zinazofuatana naona ni ngumu kuliko tano za rangi moja.

MchangaKarata

Hahaha, "niko kadi"! Karibu sana mkuu.

Inaonekana hivyo, lakini zihesabu. Mikono ya karata tano inayowezekana ni 2,598,960. Ndani yake mifululizo ni 10,200, flashi ni 5,108, fulu hausi ni 3,744. Kilicho adimu ndicho kinachokaa juu, hakuna siri nyingine. Na ree kwenye mfululizo inakaa pande mbili, A-2-3-4-5 au 10-J-Q-K-A, ila haizunguki. Q-K-A-2-3 si kitu. Nimeona watu wazima wakikaribia kushikana mashati kwa hiyo.

Haya, adabu. Sitaziandika kama amri kumi, naandika zinavyonijia.

Zamu. Usitupe karata kabla ya zamu yako hata kama ni mbovu namna gani. Unaona kama unawaokolea watu muda, kumbe umempa habari mtu aliye mbele yako: sasa anajua nyuma yake amepungua mmoja, na dau lake analipanga kwa hilo. Mgeni anafanya kosa hili mara kumi kwa usiku na kila akikumbushwa anasema "si natupa tu?"

Mdomo umefunga. Ukisema "napandisha" umepandisha, hutarudi nyuma. Na taja kiasi: "Mpaka elfu sita." Usiweke 2,000, ukamtazama mwenzako usoni, halafu ukaongeza 4,000. Kile cha kwanza ndicho kitahesabiwa. Wale wanaosema "nimefuata elfu mbili zako... na elfu nne juu" wanaiga sinema, ukishasema umefuata, umefuata.

Chipu usizirushe kwenye lundo la katikati. Ziweke mbele yako, mgawaji azihesabu kisha azivute mwenyewe. Zikishachanganyika nani atajua uliweka ngapi? Na chipu zako kubwa zikae mbele, zionekane. Kuzificha nyuma ya ndogo halafu mtu anafuata akidhani una elfu ishirini kumbe una laki mbili, huo si ujanja. (Halafu ni chipu, si chipsi. Kuna bwana kila akija anauliza "chipsi zangu ziko wapi", na mke wangu anamjibu ziko jikoni na mayai.)

Hela iliyo mezani ndiyo inayocheza. Katikati ya mgao huwezi kutoa noti mfukoni ukaongeza, wala mtu hawezi kukulazimisha ulete usichonacho. Ukiishiwa unaweka zote zilizobaki na unagombea sehemu yako ya poti, yaani lile lundo la katikati. Waliobaki na hela wanaendelea na poti ya pembeni. Na huruhusiwi kuchota faida mezani ukatia mfukoni huku unaendelea kucheza. Ukitaka kuondoka na ushindi wako, inuka na uage.

Kuringishia. Hili nalichukia kuliko yote. Nikiwa kasino kuna usiku mteja mmoja, mzee mstaarabu, aliweka chipu zake zote na kuonyesha fulu hausi. Mpinzani wake alikuwa na nne za namna moja, haishindiki. Badala ya kufunua, akashika kichwa, akapuliza hewa, akasema "duh, umenipata", akamwacha mzee anyooshe mikono kuchukua poti, ndipo akafunua polepole, moja, kisha ya pili. Hakuvunja sheria yoyote. Mzee hakusema neno, akavaa koti akaondoka. Meza nzima ikapoa, na ndani ya nusu saa wengine nao wakaaga. Yule kijana akabaki na ushindi wake na viti vitupu. Ukijua umeshinda, funua.

Dada wa Mwenge

Asante kwa uzi. Kaka, hapo kwenye "mdomo umefunga" naomba nikuulize. Mimi nilifikishwa mpaka karata ya mwisho, nina mfululizo mpaka malkia. Mwenzangu akasema kwa sauti, "Nina flashi." Nikakata tamaa, nikatupa zangu kifudifudi kwenye rundo la karata zilizotupwa. Akafunua: shupaza nne na pau moja! Anasema zote nyeusi, usiku taa hafifu, hakuona. Na poti wakampa yeye. Sasa mdomo wake mbona haukumfunga?

MchangaKarata

Dada yangu, pole. Hapo umeugusa mfupa.

Mdomo unafunga kwenye madau tu. Wakati wa kufunua mambo yanageuka: karata ndizo zinazosema, mdomo hauna uzito. Akisema ana flashi na hana, hana. Angesema ana jozi kumbe ana flashi, flashi yake ingehesabiwa. Kwa hiyo usiamini tangazo la mtu, subiri uone kwa macho yako. Zilaze zako wazi mezani, mgawaji asome. Ukizitupa kifudifudi zikagusa rundo, zimekufa, na aliyebaki na karata hai ndiye mwenye poti. Waliompa poti walikuwa sahihi, ingawa roho inauma.

Kama alitangaza kwa makusudi ili utupe, basi huyo ni tapeli, na nyumbani dawa yake ni kutoalikwa tena. Ila pau na shupaza kwenye mwanga wa balbu moja hata mimi zimenichezea. Kuna karata zenye rangi nne, pau za kijani na uru za bluu, zinasaidia wanaoanza.

Hilohilo linahusu kulinda karata: weka chipu moja juu ya karata zako mbili. Ukiziacha bila kitu juu mgawaji anaweza kuzivuta akidhani umetupa, na zikishaingia kwenye rundo hakuna kesi.

Abu Suleiman

Assalaam alaykum. Kamari ni haramu, msiipambe kwa jina la adabu.

MchangaKarata

Waalaykum salaam, shekhe. Sikupingi, na anayeiacha simvuti. Nyumbani kwa mama Tanga nilijifunza kwa komwe za bao, hakuna hata senti, na mchezo ulikuwa mtamu vilevile.

Mgeni wa Jiji

Mkuu, mimi nataka kwenda kasino kabisa, si kwa watu. Naingiaje? Naogopa kuonekana mshamba.

MchangaKarata

Utaonekana mshamba dakika kumi za kwanza, zivumilie.

Beba kitambulisho, chini ya miaka 18 hauingii. Muulize msimamizi wa meza za poka kama kuna nafasi na kiwango cha chini cha kukaa ni kiasi gani. Kama meza imejaa unaandikishwa na kusubiri. Chagua meza yenye blaindi ndogo kuliko zote, hata kama mfuko unaruhusu zaidi. Ukikaa, noti zako zilaze juu ya meza. Usimpe mgawaji mkononi! Haruhusiwi kupokea. Atazitandaza kamera izione, atahesabu, ndipo akusogezee chipu. Na ukimwona mgawaji anapiga makofi mepesi na kugeuza viganja kabla ya kuinuka, hakuombi makofi, anaionyesha kamera kwamba haondoki na kitu.

Kasino haichezi na wewe kwenye poka kama ilivyo kwenye ruleti. Inakata sehemu ndogo ya kila poti, au inatoza kwa muda. Maana yake hata meza ya watu wenye uwezo sawa, wote wanapungukiwa taratibu. Ukishinda poti nzuri, bakshishi kwa mgawaji ni desturi, si lazima. Nilishapewa, nilishanyimwa, karata niligawa vilevile. Ambacho sikukizoea ni kutukanwa kwa sababu ya karata ya mwisho. Mgawaji hachagui.

Simu usiipokee ukiwa na karata mkononi. Picha usipige.

Na hili ni letu sisi: meza ya kasino Dar ina watu wa kila taifa, na wengine Kiswahili hawakijui. Umekwenda na rafiki yako, na mko kwenye mgao mmoja. Usimwambie kwa Kiswahili "tupa, huyu ana kitu". Hata kama unamwambia habari za foleni ya Ubungo, wenzako hawajui unasema nini na wana haki ya kushuku. Wakati karata ziko hai, tumia lugha inayoeleweka na meza yote. Na hata kwa hiyo lugha, ulichokitupa usikitaje mpaka mgao uishe. Nimeshuhudia mtu ametupa 9, mezani zikafunguka 9 mbili, akapiga kofi paja: "Ningejua!" Aliyekuwa anapigiwa mkwara kwamba mwenzake ana 9 akapata jibu bure.

Mikwara yenyewe, yaani kuweka dau kubwa na huna kitu, ni halali kabisa, ndiyo roho ya mchezo. Ila anayeanza asiipige kwa watu wanaofuata kila dau. Utamtishaje mtu asiyetishika?

Fundi Tanki

Nyumbani je? Sisi kwetu kila wiki inaishia ugomvi.

MchangaKarata

Ugomvi wenu nakisia ni wa deni. Kwangu chipu zinauzwa kwa hela iliyopo, kabla mtu hajakaa. "Nitakutumia kwenye simu kesho" haipo, hata kwa shemeji. Hela yote inakaa kwenye kopo moja na anayelishika ni mmoja. Muda wa kumaliza unatajwa mwanzoni, ukifika tunatangaza mizunguko mitatu ya mwisho, ili aliyeliwa asitubembeleze mpaka saa kumi usiku na aliyeshinda asikimbie saa nne.

Sheria bishani mziamue kabla, mkiwa mmeshiba na hamna kesi. Anayechanga karata si anayekata. Karata ikifunuka kwa bahati mbaya wakati wa kugawa, sisi tunachanga upya. Wakibaki wawili tu, mwenye batani ndiye anayeweka blaindi ndogo na anaanza yeye kabla ya zile tatu, kisha baada ya hapo anakuwa wa mwisho. Hii wengi wanaigeuza. Na kiwango cha kupandisha: nyongeza isipungue nyongeza iliyotangulia. Blaindi ni 1,000, mtu akapandisha mpaka 3,000, ameongeza 2,000. Anayetaka kupandisha tena aanzie 5,000.

Jambo moja usilifanye: kukata poti nyumbani kwako eti hela ya umeme. Ukianza kukata umefungua biashara ya kubahatisha, na biashara hiyo inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Watu wachangie nyama na soda kwa mkono mwingine.

Mtoto wa Kisauni

Na mbili za kwanza, nichezee zipi? Mimi hucheza zote, naona kutupa ni uoga.

MchangaKarata

Ndiyo maana wanakualika mkuu. Tupa nyingi. Jozi yoyote inakuja mara moja kwa 17. Jozi kubwa, ree na mfalme, ree na malkia, hizo ingia nazo kwa kupandisha. Ukiwa karibu na batani, unayezungumza wa mwisho, unaweza kulegeza kidogo kwa sababu umeshawaona wengine. Ukiwa wa kwanza kusema, kaza.

Fundi Tanki

Nimesoma uzi wote kwa sauti kwa wenzangu, na kesi ya wiki jana imefufuka. Mezani: ree mbili, wafalme wawili, malkia. Mimi mkononi 2 mbili. Jamaa ana malkia na ghulamu. Akasema ana jozi tatu na zake ni kubwa kuliko zangu, poti ilikuwa 27,500 akabeba yote. Nilikubali kwa sababu sikuwa na hoja.

MchangaKarata

Jozi tatu hazipo kwenye poka! Mkono ni karata tano, ya sita haihesabiwi. Bora yake ni ree mbili, wafalme wawili na malkia. Bora yako ni ree mbili, wafalme wawili na malkia, zote za mezani. 2 zako na malkia wake mkononi hazina kazi. Mlikuwa sare, poti mnagawana.

Chipu yenu ndogo ni ya shilingi ngapi? Na nani alikuwa wa kwanza kushoto kwa batani kati yenu wawili?

Fundi Tanki

Ndogo ni 500. Wa kwanza nilikuwa mimi.

MchangaKarata

Basi kila mmoja 13,500, na chipu moja inayobaki ni ya aliye wa kwanza kushoto kwa batani. Mwambie unamdai 14,000.